Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Mimi si mtu wa kuingilia kazi za watu, lakini majuzi hapa Korogwe nilimfokea kijana wa watu hadi wapita njia wakasimama. Nilikuwa natoka sokoni na mfuko wangu wa nyanya. Yeye amelala chali chini ya pikapu, gurudumu la nyuma linaning'inia kwenye jeki, anakaza yubolti huku simu ikimpigia muziki kifuani. Nikamwambia ateremshe gari kwanza. Hakunisikia. Nikaweka mfuko chini, nikapiga bodi kwa kiganja.

Akachomoza kichwa. "Vipi, mama?"

"Shusha gari chini ndiyo ukaze. Hapo linaning'inia, springi haijabeba kitu. Likipata mzigo hizo nati zote zitakuwa zimelegea."

Akanitazama, akazitazama na nyanya zangu. "Kwani mama wewe ni fundi?"

"Mimi mtoto wa fundi. Shusha."

Akashusha, kwa kuniogopa zaidi kuliko kwa kunielewa. Nilipofika nyumbani puani nilikuwa nimebaki na ile harufu ya grisi iliyochanganyika na vumbi na dizeli, ambayo nilidhani niliiacha Mkata pamoja na utoto wangu. Sikupika mchana ule. Nilikaa jikoni nikalia kama mtu aliyeletewa habari za msiba saa ileile.

Gereji ya baba ilikuwa kando ya barabara kuu, hatua chache kutoka mabasi yanaposimama. Nasema gereji, lakini ilikuwa turubai juu ya nguzo nne na ardhi iliyomwagikiwa oili miaka mingi mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyokua bila mtu wa kutufukuza kazini kwa wazazi wetu. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja pale, nikavua viatu, nikawa namshikia baba taa au kopo la nati. Baba alikuwa mtaratibu, hapendi kelele, na alisifika kwa jambo moja hasa: yubolti za nyuma.

Kwa asiyejua, springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na yubolti ni chuma kilichopindwa kama herufi U kinachozishika springi na ekseli visiachane. Kila upande zinakaa mbili. Hizo nne zikilegea, ekseli inahama mahali pake na nyuma ya gari haifuati tena mbele. Baba alizikaza kama mtu anayeswali. Kwanza anasugua uzi wake, pale nati inapojizungusha, kwa brashi ya waya. Nati za zamani harudishi, hata mwenye gari alalamike vipi. Gari lazima likanyage chini kwa uzito wake lenyewe. Kisha anakaza kidogo hapa, anahamia ya ng'ambo kwa mshazari, kidogo tena, anarudi, na hakuna nati moja inayozitangulia nyingine.

"Kama unavyotia chumvi," alikuwa akiniambia. "Kidogo kidogo mpaka ikolee."

Mwisho anachomeka paipu kwenye spana ili apate nguvu, anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, halafu anagonga kila yubolti kwa nyundo na kuniambia nisikilize. Iliyokaza inalia, iliyolegea inaguna. Nilikuwa na masikio mazuri, na baba alijivunia masikio yangu mbele za madereva.

Hata baada ya hayo yote alisema kazi imefika nusu. Chuma kipya kikionja mzigo kinajinyoosha na nati zinabaki na nafasi, kwa hiyo gari lazima libebe, litembee, lirudi, zikazwe mara ya pili. Madereva nao ni watu wa kusahau. Basi baba alichana vipande vya shuka jekundu lililochakaa, na kila gari alilolibadilishia yubolti alilifungia kipande kimoja kwenye usukani, vifundo viwili. Dereva akirudi, baba anakaza, halafu anakikata kitambaa kwa kisu. Akiliona gari linapita na kitambaa chake bado kipo, analipigia mluzi mpaka lisimame. Mkata nzima walikijua kitambaa cha baba.

Hayo nayaeleza leo kwa akili ya mtu mzima. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa na niliona kitu kimoja tu, kwamba gari lililofungwa kitambaa linarudi. Malori ya masafa yalipita mbele yetu mchana kutwa bila kitambaa, na hayo hayakurudi. Watoto wachanga wa jirani zetu walifungwa uzi mweusi mkononi wasidhurike, nami sikuona tofauti. Kule kukaza mara ya pili nilidhani ni baba kukagua tu kazi yake, kwa vile alikuwa mtu wa kukagua. Nikaamini kitambaa kile ni dawa ya kurudisha watu, na sikumuuliza mtu, maana mambo ya dawa tulizoezwa kutoyauliza.

Mama yangu alikuwa mwenyeji wa Kerenge, upande wa Korogwe. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa amechoka na ukimya wa baba. Siku ile waligombana tangu alfajiri. Niliwasikia kutoka chumbani, au niseme nilimsikia mama, kwa sababu baba hakujibu.

"Unaongea na hayo magari kuliko unavyoongea na mimi," mama alisema. "Basi yakupikie."

Baba akatoka akaenda kazini. Pale gereji alikuwa anamsubiri mjomba, mdogo wake mama, na pikapu yake ya kubebea mahindi kutoka Mkata hadi Korogwe. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo mjomba huyu aliniita mama na kila akiniona alinipigia shikamoo kwa sauti ya kitoto, nami naitikia marahaba kwa kujivuna. Nilimpenda sana. Asubuhi ile, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwepo baba alipombadilishia yubolti zote nne. Nilishika kopo la nati, nikasikiliza nyundo, zote zikalia vizuri. Nilimwona kwa macho yangu akichukua kipande cha shuka mfukoni, akakifunga kwenye usukani upande wa kushoto, kifundo cha kwanza na cha pili.

"Shemeji," baba akamwambia, "ukishashusha mzigo Korogwe unipitie kabla hujapakia tena."

"Nitakupitia, shemeji. Wewe unadhani nina kichwa cha kuku?"

Baada ya adhuhuri mama akatokea barabarani na begi. Alikuwa amevaa vizuri, macho yamevimba. Akamwambia mjomba anataka kwenda naye nyumbani kwao. Mjomba akainuka kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia, akanawa mikono polepole, na akaongea bila utani hata chembe.

"Dada, kukurudisha hapa nitakurudisha hata leo hii. Ila kukuondoa kwa mumeo siwezi. Hilo panda basi."

Mama akasema atapanda basi. Mjomba akamfuata baba nyuma ya turubai kumsihi aje azungumze na mke wake. Mama akanikumbatia, akaniambia nisiache kuswali na nisile ubwabwa wa kulala, akaenda kuulizia gari. Begi lake aliliacha miguuni pangu.

Nililitazama lile begi nikajua kwamba mama akiondoka hivi hivi atakuwa kama yale malori. Pikapu ya mjomba ilikuwa imesimama na dirisha wazi. Nikapanda, nikajaribu kufungua kitambaa kwa vidole. Kifundo cha kwanza kikafunguka, cha pili kikagoma, nikakiuma kwa meno. Nakumbuka ladha yake mpaka leo, chumvi na oili. Nilijiambia mjomba anajua njia, hahitaji dawa, na keshokutwa atarudi tu kama anavyorudi siku zote. Bitana ya begi la mama ilikuwa imechanika chini. Nikakisukuma mle ndani mpaka mkono ukafika kona, nikafunga zipu.

Mama akapanda basi. Mjomba naye akaondoka jioni na mahindi yake. Baba akaendelea na kazi nyingine, na usiku tulikula ugali na maharage. Nilikuwa na huzuni, lakini ndani yangu nilijua nimefanya jambo la maana.

Siku ya tatu yake mjomba akapita. Alisimamisha pikapu mbele ya gereji bila kuzima injini, akanipigia shikamoo yangu. Baba akaenda akaegemea dirisha. Nami nikasogea, maana nilitaka habari za mama.

"Nimempitia dada," mjomba akasema. "Hajambo, analia tu. Jumapili namleta. Ila shemeji, na wewe ufungue mdomo. Mwanamke si gari."

Baba akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha nikaona macho yake yanapita kwenye usukani. Yalipita taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nikashika pumzi. Nilichoogopa ni kimoja tu, kwamba ataona kitambaa hakipo na ataniuliza, na mimi sijui kudanganya. Macho ya baba yakaondoka pale. Usukani ulikuwa mtupu, na usukani mtupu kwake ulikuwa na maana ya kazi iliyokwisha. Kichwa chake kilikuwa kimejaa ile Jumapili.

"Haya, shemeji," akasema. "Safari njema."

Pikapu ikaondoka kwenda kupakia. Nikashusha pumzi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwamba sikushikwa.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, konda wa basi moja aliteremka mbio akamwita baba pembeni. Pikapu ya mjomba, ikiwa na magunia mpaka juu, ilikuwa imeacha barabara kwenye mteremko kabla ya kufika Segera. Ekseli ya nyuma ilikuwa imehama, gari likavutwa upande, likapinduka. Mjomba alikuwa peke yake. Konda alisema hakuteseka, na mimi nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Tulikwenda Kerenge kuzika. Nilipoingia uani kwa bibi, mama alitoka ndani mbio, akanidaka na kunibana kifuani, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nitalisema kama lilivyokuwa, kwa kuwa nimeshakaa nalo sana. Kichwa changu kikiwa kwenye khanga yake, niliwaza: kimefanya kazi. Wazo hilo lilikuwa tamu, na nililishika tangu asubuhi mpaka alasiri ya siku ile, mjomba wangu amelazwa chumba cha pili.

Baada ya mazishi wanaume walikaa kwenye mkeka. Nilipeleka maji ya kunywa. Dereva mmoja aliyesaidia kuinua pikapu alikuwa anaeleza alivyoikuta: yubolti za upande mmoja zote mbili nati zimerudi nyuma, msumari wa katikati unaozibana springi umekatika. Kisha akamgeukia baba.

"Fundi, mbona kitambaa chako sikukiona? Angekuwa nacho angekumbuka kurudi kukaza. Hukumfungia safari hii?"

Baba akatazama mikono yake.

"Nilidhani nilifunga," akasema. "Sikumbuki. Siku ile sikuwa na akili yangu. Labda sikufunga."

Jagi lilinielemea ghafla. Ndipo nikaelewa kitambaa kile kilikuwa cha nini. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hayo, na sikuhitaji zaidi. Nilitaka kusema pale pale kwamba alifunga, vifundo viwili, niliviona. Nikaweka jagi chini. Nilikwenda chumbani kwa bibi, nikatoa kitambaa kwenye bitana ya begi la mama, nikakitupa chooni.

Arobaini ya mjomba ilipokwisha mama alirudi nasi Mkata. Alimwambia baba mbele yangu kwamba hamlaumu, kwamba ni ajali na Mungu ameshapanga. Baba aliitikia kwa kichwa. Lakini madereva walipunguza kuja, si kwa ubaya, na baba mwenyewe hakuwalaumu. Alimrudishia kila mwenye gari lake na akang'oa nguzo za turubai. Tukaishi kwa mahindi na mihogo.

Kilichokufa kwa baba ni kuiamini mikono yake. Alifunga mlango akarudi kuujaribu, akalala, akainuka kuujaribu tena. Alimuuliza mama kama yeye mwenyewe ameswali rakaa tatu au nne. Aliwafunga mbuzi kwa kamba, akafika nusu ya njia, akarudi. "Nimefunga?" ndilo swali lililokuwa mdomoni mwake asubuhi na jioni, na mama alimjibu kwa upole, "Umefunga, baba, umefunga." Nilikua nikilisikia swali hilo. Neno moja langu lingelimaliza, nami nilikaa nalo kooni mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, nikahamia Korogwe. Watu huniuliza kwa nini mimi ni mkali. Sijui kama ni ukali, au ni mtu anayejifokea mwenyewe kwa kupitia wengine.

Nilikuja kumwambia baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilikwenda kumwonyesha mjukuu, nikamkuta shambani anakata pingili za mihogo za kupanda. Mtoto nilimwacha kwa mama. Nikamsaidia kupanga pingili, na nilipoona nikichelewa zaidi nitaondoka tena bila kusema, nikasema.

"Baba, kile kitambaa cha mjomba ulikifunga."

Hakunielewa. "Kitambaa gani?"

"Cha kwenye usukani. Ulikifunga, nilikuona. Nilikifungua mimi, nikakiweka kwenye begi la mama. Nilidhani ni dawa. Nilitaka arudi."

Baba aliweka panga chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa laana, kwa lolote. Aliniuliza swali moja.

"Nilifunga vifundo vingapi?"

"Viwili. Cha pili nilikifungua kwa meno."

"Viwili," akasema. Aliinua mikono yake akaitazama nje na ndani, viganja vyenye makovu ya spana, na machozi yakamtoka. Hakulia Kerenge, wala hakulia alipong'oa nguzo. Alilia pale kwenye matuta, bila sauti, muda mrefu. Mimi nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Kisha, "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Akijua mdogo wake alikufa kwa kuwa wewe ulimtaka yeye arudi, atakutazamaje? Yeye mwenyewe atajitazamaje? Mwache. Mimi nimeshazoea."

Nikamwahidi. Jioni ile baba alifunga mlango mara moja, akaja kukaa, hakuinuka. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nikiwa na miaka tisa. Lakini kesho yake, tukiwa tunakula, mama yupo, baba aliinua kichwa akauliza kama mbuzi wamefungwa, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga. "Umefunga, baba," mama akamjibu kama kawaida. Baba akanitupia jicho mara moja, akaendelea kula. Aliendelea kuuliza hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, kila mama alipokuwepo, mama asije akashangaa kwa nini ameacha.

Baba amefariki mwaka huu. Aliumwa siku chache tu. Siku ya arobaini wanawake tulikuwa uani tunachambua mchele, na jirani mmoja, mtu mzima, akasema marehemu alikuwa fundi ambaye wilaya nzima ya Handeni haijapata mwingine kama yeye. Wengine wakaitikia. Mama alikuwa anatikisa ungo. Walipoondoka kwenda kuteka maji, tukabaki wawili.

"Alikuwa fundi kweli," mama akasema. "Siku moja tu ndiyo alisahau, na aliyemsahaulisha ni mimi. Ningekaa kimya asubuhi ile, nisingebeba begi, baba yako angefunga kile kitambaa. Mdogo wangu nilimuua mimi, mwanangu. Miaka yote hii baba yako alijua hivyo na hakuwahi kuniambia neno baya. Mungu amlipe."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kitu alichokisema moyoni mara elfu. Nikafungua mdomo. Nikauona mkono wa baba kichwani kwangu, nikasikia "Mimi nimeshazoea," nikafikiri, baba, na mama naye je? Wale wanawake wakarudi na ndoo zao, wanacheka. Nikainama nikatoa punje za mpunga kwenye mchele, moja moja.

Sasa mama anaishi na mimi. Macho yamemwishia, hata ujumbe wa simu namsomea mimi, na akihisi naandika huniuliza ninaandika nini, nami humsomea, hupenda sana. Jana, nikiwa naandika haya, ameniuliza tena. Nimemwambia ni orodha ya vitu vya sokoni.